Jinsi ya kuchagua programu ya kikapu cha manunuzi kwa duka la mtandaoni

Programu ya kikapu cha manunuzi ndiyo inayobeba kazi yote iliyopo kati ya mteja kubonyeza kitufe cha kuweka bidhaa kikapuni na mzigo wake kuondoka stoo. Inakumbuka alichochagua, inapiga hesabu ya bei, punguzo, kodi na nauli, inampeleka kulipa, inapunguza idadi ya bidhaa zilizobaki, inaandika oda na kutuma risiti. Wenye maduka wengi huichagua kwa kulinganisha majedwali ya vipengele, na majedwali hayo hayawafikishi mbali, kwa sababu karibu kila programu inayouzwa leo itaweka alama ya ndiyo katika karibu kila mstari. Tofauti huonekana pale unapochukua oda moja ya kweli, ikiwa na bidhaa yako iliyo ngumu kuliko zote, ukaipitisha tangu mwanzo hadi mwisho pamoja na kurejesha pesa. Hatua zinazofuata zimepangwa kwa kufuata safari hiyo ya oda.

Hatua ya 1: Andika oda zako kabla ya kutazama programu yoyote

Kaa na karatasi uandike oda tatu za aina ambayo duka lako litazipokea kweli. Ya kwanza iwe ya kawaida kabisa: mteja mmoja, bidhaa moja, anwani moja. Ya pili iwe na kuponi ya punguzo na bidhaa kadhaa zenye uzito tofauti. Ya tatu iwe ile inayoumiza kichwa: mteja ananunua bidhaa mbili, moja ipo stoo na nyingine inatengenezwa kwa kuagizwa, anataka moja ipelekwe kwa mtu mwingine kama zawadi bila kuonyesha bei, na baada ya siku chache anarudisha nusu ya alichonunua. Karatasi hii ndiyo utakayoitumia kuzipima programu zote, kwa hiyo iandike kwa makini, ukiweka namba na bei halisi za bidhaa zako.

Kisha tazama umbo la bidhaa zenyewe. Zinauzwa kwa idadi, kwa uzito au kwa urefu? Je, kuna mafaili ya kupakua, ambayo yanahitaji kiungo kinachoisha muda wake? Kuna malipo yanayojirudia kila mwezi? Kuna bidhaa zenye rangi na saizi nyingi? Swali hili la mwisho huwakwamisha watu wengi kuliko wanavyotarajia. Shati lenye saizi 6, rangi 8 na aina 2 za mikono lina aina 96 za kuhesabiwa stoo kila moja peke yake, na ukiongeza rangi moja tu zinakuwa 108. Kwa miaka mingi Shopify, huduma maarufu ya kuendesha maduka ya mtandaoni, iliruhusu aina 100 tu kwa bidhaa moja, zikiwa ndani ya makundi yasiyozidi matatu ya chaguo, na kikomo hicho cha 100 kilipandishwa baadaye hadi 2,048. Karibu kila programu ina kikomo cha namna hii mahali fulani, nacho huandikwa katika kurasa za maelezo ya kiufundi, mara chache sana katika ukurasa wa bei. Kitafute kabla hujalipa.

Andika pia idadi ya bidhaa unazotarajia kuwa nazo baada ya miaka miwili, sarafu utakazopokea, lugha utakazouzia, na mifumo mingine ambayo duka litapaswa kuzungumza nayo, kama vile programu ya uhasibu au ya kampuni ya usafirishaji. Sarafu nazo si jambo la kupuuza. Yeni ya Japani haina senti na dinari ya Kuwait ina tarakimu tatu baada ya nukta, na programu iliyojengwa kwa kudhani kwamba kila sarafu ina tarakimu mbili itakuletea bei za ajabu.

Hatua ya 2: Amua ni nani atakayeitunza seva

Programu hizi zimegawanyika katika makundi mawili makubwa. La kwanza ni la huduma za kulipia kwa mwezi au kwa mwaka, ambapo kampuni iliyotengeneza programu ndiyo inayoendesha seva (kompyuta inayobeba duka), inayosasisha msimbo (maagizo ya kompyuta yanayounda programu) na inayoamka usiku wa manane duka linapozimika. Shopify, iliyoanza mwaka 2006, na BigCommerce, iliyoanza mwaka 2009, zimo katika kundi hili. La pili ni la programu za chanzo huria, yaani zenye msimbo ulio wazi kwa kila mtu, ambazo unazipakua bila malipo na kuziweka kwenye seva uliyoikodi mwenyewe, kama WooCommerce, ambayo ni programu-jalizi (nyongeza) ya mfumo wa kujenga tovuti wa WordPress, iliyotolewa mwaka 2011, au PrestaShop, OpenCart na Magento Open Source. Katikati kuna huduma kama Ecwid, ambayo hupachika duka ndani ya tovuti ambayo tayari unayo.

Programu ya chanzo huria inakupa uhuru mkubwa. Unaweza kubadilisha kanuni ya bei, ukurasa wa malipo na hata muundo wa hifadhidata, unaweza kuhama seva bila kumwomba mtu ruhusa, na hakuna kampuni inayoweza kulifunga duka lako kwa sababu imebadilisha masharti yake. Pamoja na uhuru huo unapokea kazi ambayo haina likizo, nayo ni kusasisha programu yenyewe, programu-jalizi zake, lugha ya PHP iliyo chini yake na mfumo wa seva, kila toleo jipya la usalama linapotoka. Historia ya Magento inaonyesha uzito wa kazi hiyo. Toleo la kwanza la Magento, lililotoka mwaka 2008, liliacha kupewa marekebisho ya usalama mwishoni mwa Juni 2020, na wenye maduka walikuwa wametangaziwa mapema. Hata hivyo maelfu ya maduka yaliendelea kulitumia, na Septemba mwaka huo huo karibu maduka 2,000 ya Magento, mengi yao yakiwa ya toleo hilo, yaliingiliwa katika wimbi moja la mashambulizi lililopangwa ili kunasa namba za kadi za wateja zinapoandikwa.

Kwa sababu hiyo ushauri wangu hauna kuzungukazunguka. Ikiwa katika biashara yako hakuna mtu aliyekabidhiwa kwa jina kazi ya kusasisha mfumo, akiwa na muda na ujuzi wa kuifanya, chagua huduma inayoendeshwa na kampuni yenyewe, hata kama ada yake ya kila mwezi inaonekana kubwa. Duka lisilosasishwa linawadhuru wateja ambao hawakushiriki katika uamuzi wako.

Ukichagua chanzo huria, zikague programu-jalizi moja moja. Kila mojawapo ni msimbo wa mtu mwingine unaopewa funguo za duka lako. Tazama ilisasishwa lini mara ya mwisho, na kama mwenye kuitengeneza hujibu malalamiko ya watumiaji, na kama inakubaliana na toleo la sasa la programu kuu. Mfano wa karibu ni WooCommerce, ambayo kwa miaka mingi ilihifadhi oda katika majedwali yale yale ya makala za WordPress, hadi toleo la 8.2 la Oktoba 2023 lilipofanya majedwali maalumu ya oda kuwa utaratibu wa kawaida kwa maduka mapya. Programu-jalizi ya zamani ambayo bado inazitafuta oda mahali pa zamani inaweza kukuonyesha ripoti tupu au, mbaya zaidi, ripoti yenye upungufu ambao huutambui.

Na ukichagua huduma ya kulipia, soma masharti ya matumizi hadi mwisho, hasa orodha ya bidhaa zisizoruhusiwa. Orodha hiyo hutofautiana kati ya kampuni na kampuni, na huwa na bidhaa ambazo ni halali kabisa kisheria.

Hatua ya 3: Piga hesabu ya gharama ukiilinganisha na faida

Bei iliyoandikwa kwenye tangazo ni sehemu ndogo ya utakachokilipa. Jumlisha ada ya mwezi, ada ya mtoa huduma wa malipo (kampuni inayopokea pesa za mteja kwa niaba yako), kamisheni ambayo baadhi ya huduma hutoza juu ya kila mauzo, programu-jalizi za kulipia kwa mwaka, mandhari (muundo wa mwonekano) ya duka, na saa za fundi. Shopify, kwa mfano, hutoza ada ya ziada kwa kila oda usipotumia mfumo wake wenyewe wa malipo, na mfumo huo haupatikani katika kila nchi, kwa hiyo muuzaji anayeishi nje ya nchi hizo analipa ada ambayo mwenzake halipi.

Usizilinganishe ada hizi na mauzo, kwa sababu kwa namna hiyo zote huonekana ndogo. Chukua bidhaa unayoiuza kwa 100 ambayo, baada ya kuinunua, kuifunga na kuitangaza, inakubakishia 15. Mtoa huduma wa malipo akichukua 3 na programu ikachukua 2, umetoa theluthi nzima ya faida yako, ingawa kwenye karatasi ilisomeka kama asilimia 5 tu. Rudia hesabu hiyo kwa mauzo ya sasa, kwa mauzo mara tano ya hayo, na kwa mwezi mbaya usiouza karibu chochote. Programu yenye ada ndogo na kamisheni kubwa humfaa anayeanza na humwelemea anayekua, ilhali yenye ada kubwa isiyobadilika hufanya kinyume chake. Huenda ukaona kwamba zile mbili ulizodhani zinakaribiana zinatofautiana sana katika mwezi ule mbaya.

Hatua ya 4: Chunguza malipo kuliko kitu kingine chochote

Anza na swali la msingi: je, njia ambazo wateja wako wanazitumia kulipa zinapatikana katika programu hii, na zinaungwa mkono na nani? Njia ya malipo inayotunzwa na kampuni ya programu au na mtoa huduma wa malipo mwenyewe ni tofauti sana na programu-jalizi iliyoandikwa na mtu mmoja anayeweza kuiacha wakati wowote. Ikiwa wateja wako wengi wanalipa kwa simu, kwa uhamisho wa benki au kwa pesa taslimu wanapopokea mzigo, programu inayojua kadi peke yake haikufai, hata ikisifiwa na dunia nzima.

Halafu uliza namba ya kadi inapita wapi. Kuna njia tatu zinazotumika sana. Katika ya kwanza mteja anahamishiwa kwenye ukurasa wa mtoa huduma wa malipo, analipa huko, kisha anarudishwa dukani. Katika ya pili anabaki kwenye ukurasa wako, lakini visanduku vya kuandikia namba ya kadi ni fremu inayotoka moja kwa moja kwa mtoa huduma. Katika ya tatu namba inapita kwenye seva yako kabla ya kutumwa mbele. Kiwango cha usalama kiitwacho PCI DSS, kinachosimamiwa na baraza lililoundwa mwaka 2006 na Visa, Mastercard, American Express, Discover na JCB, kinamhusu kila anayepokea kadi, lakini mzigo wake ni mwepesi zaidi katika njia mbili za mwanzo. Kwa duka dogo sioni sababu yoyote ya kuichagua ya tatu.

Hata hivyo njia ya pili haikuachi huru kabisa. Msimbo mwingine wowote uliopo kwenye ukurasa huo, uwe wa kuhesabu wageni, wa matangazo au wa kuzungumza na wateja, unaweza kuwa mlango wa mwizi. Mwaka 2018 wavamizi waliweka msimbo katika tovuti ya British Airways uliotuma taarifa za malipo za wateja kwenye anwani yao, na mamlaka ya Uingereza ya ulinzi wa taarifa iliitoza kampuni hiyo faini ya pauni milioni 20 mwaka 2020. Toleo la 4.0 la PCI DSS, lililotangazwa Machi 2022, lilileta masharti kuhusu misimbo inayopakiwa kwenye kurasa za malipo. Kwa hiyo hakikisha kwamba programu unayoifikiria inakuwezesha kuzuia misimbo ya nje isiingie kwenye ukurasa wa malipo, na kwamba akaunti za wasimamizi zinalindwa kwa uthibitishaji wa hatua mbili, kila mfanyakazi akiwa na akaunti yake yenye ruhusa za kazi yake tu.

Sasa fanya jaribio ambalo majedwali ya vipengele hayalitaji kamwe. Watoa huduma wengi wa malipo wana mazingira ya majaribio yenye namba za kadi za bandia. Lipia oda ndani yake, na mara tu malipo yanapokubaliwa, kabla kivinjari hakijarudi dukani, zima intaneti ya simu yako. Subiri dakika chache, kisha ingia upande wa msimamizi. Programu iliyojengwa vizuri itakuonyesha oda ikiwa imelipwa, kwa sababu inapokea taarifa moja kwa moja kutoka seva ya mtoa huduma hadi seva ya duka, bila kutegemea simu ya mteja. Iliyojengwa vibaya itaionyesha oda ikisubiri malipo, au haitaionyesha kabisa, na hapo ujue kwamba siku moja mteja atakupigia akiwa na ujumbe wa benki mkononi huku wewe huna oda yake. Baada ya hapo bonyeza kitufe cha kulipa mara mbili kwa haraka, uone kama zinaundwa oda mbili na kama pesa zinakatwa mara mbili. Malizia kwa kurejesha sehemu ya pesa ukiwa ndani ya programu, uone kama stoo, ripoti na mtoa huduma wa malipo vyote vitatu vinakubaliana.

Hatua ya 5: Pima hesabu ya stoo na ya kodi

Weka bidhaa moja ikiwa na idadi ya 1. Fungua vivinjari viwili tofauti, uiweke kikapuni katika vyote viwili, kisha ulipie kote kwa wakati mmoja. Programu hutofautiana kuhusu lini bidhaa huhesabiwa kuwa imechukuliwa. Nyingine hufanya hivyo inapowekwa kikapuni, nyingine mteja anapofika ukurasa wa malipo, na nyingine malipo yanapokamilika. Kila uamuzi una gharama yake. Ukiizuia bidhaa mapema, vikapu vilivyoachwa vitafungia mali yako, na ukichelewa utauza kitu kimoja kwa watu wawili. Programu nzuri hukuwezesha kuchagua, na kuweka muda wa dakika ambazo bidhaa itashikiliwa kabla ya kuachiliwa. Mwenye duka la bidhaa za kipekee, kama vitu vya sanaa au nguo za mtumba, aliangalie jambo hili kabla ya lingine lolote.

Kodi nayo ina mtego mdogo wa kukadiria desimali. Chukua bidhaa ya 9.99 kabla ya kodi, kodi ikiwa asilimia 20, mteja akinunua tatu. Ukikokotoa kodi kwa kila bidhaa unapata 1.998, inayokadiriwa kuwa 2.00, na kwa bidhaa tatu ni 6.00. Ukiikokotoa juu ya jumla ya 29.97 unapata 5.994, yaani 5.99. Tofauti ni senti moja kwenye oda moja, lakini ikiwa duka linatumia njia ya kwanza na programu ya uhasibu inatumia ya pili, mhasibu atakuwa na kazi ya kutafuta senti hizo kila mwisho wa mwezi. Mwulize mhasibu wako anatumia njia ipi, kisha hakikisha kwamba programu ya duka inaweza kuwekwa kuifuata. Jaribu pia kuponi juu ya bidhaa ambayo bei yake tayari inajumuisha kodi, maana hapo ndipo hesabu nyingi huvurugika.

Nauli ya usafirishaji nitaipita haraka. Pitisha oda ya pili ya kwenye karatasi yako, na kama programu haiwezi kukokotoa nauli kwa uzito, kwa eneo na kwa kiwango cha chini cha manunuzi bila kununua nyongeza, iondoe kwenye orodha.

Hatua ya 6: Nunua kama mteja, ukitumia simu

Taasisi ya Baymard ya Denmark, inayokusanya tafiti kuhusu ununuzi wa mtandaoni, imekuwa ikionyesha kwamba kwa wastani vikapu karibu 7 kati ya 10 huachwa bila kulipiwa. Wengine walikuwa wanatazama tu, na hakuna programu itakayowabadilisha. Lakini miongoni mwa sababu zinazotajwa sana na wanunuzi wenyewe ni gharama za ziada zinazojitokeza mwishoni na kulazimishwa kufungua akaunti, na hizi zinategemea kwa kiasi kikubwa programu uliyoichagua. Chagua inayoonyesha makadirio ya nauli na kodi ndani ya kikapu chenyewe, inayoruhusu kununua bila akaunti, na inayokuwezesha kuondoa visanduku visivyohitajika katika fomu ya anwani. Fomu inayodai msimbo wa posta kwa mtu ambaye mahali anapoishi haupo ni fomu inayomfukuza.

Fanya ununuzi huo kwa simu ya bei nafuu na kwa intaneti ya kasi ndogo, kwa sababu simu mpya iliyounganishwa na mtandao wa ofisini huficha uzito wa kurasa. Kisha weka bidhaa kikapuni, funga kivinjari, urudi kesho yake. Itifaki ya HTTP inayobeba kurasa za wavuti haina kumbukumbu yake yenyewe, na kuki, yaani kumbukumbu ndogo ambazo tovuti huziweka ndani ya kivinjari, zilibuniwa mwaka 1994 na Lou Montulli wa kampuni ya Netscape kwa sababu za aina hii hii, ili duka liweze kumtambua mnunuzi anapotoka ukurasa mmoja kwenda mwingine. Programu inayoweka kikapu ndani ya kivinjari peke yake itakipoteza mteja anapohama kutoka simu kwenda kompyuta, na kivinjari cha Safari tangu mwaka 2019 hufuta baada ya siku 7 kuki zilizowekwa kwa JavaScript, lugha ya msimbo unaoendeshwa ndani ya kivinjari. Kwa mteja mwenye akaunti, kikapu kinapaswa kuwa kwenye seva.

Kwa wanaoendesha seva yao wenyewe kuna jambo la ziada, nalo ni la hatari. Ili duka liwe jepesi, kurasa huhifadhiwa tayari na kugawiwa kwa wageni wote. Ukurasa wa kikapu, wa malipo na wa akaunti lazima uondolewe katika utaratibu huo, la sivyo mteja mmoja anaweza kuonyeshwa kikapu, jina na anwani ya mwingine. Lithibitishe kwa kuingia na akaunti mbili kutoka vifaa viwili.

Hatua ya 7: Kagua mlango wa kutokea

Hili hufanywa na wachache, na linapaswa kufanywa kabla ya kuingiza bidhaa hata moja. Ukiwa bado katika muda wa majaribio, ingiza bidhaa kumi zenye picha na aina tofauti, wateja watatu na oda tano, kisha jaribu kuzitoa zote. Fungua faili la CSV (jedwali lililohifadhiwa kama maandishi) ulilolipata na ulitazame mstari kwa mstari. Je, kila rangi na saizi ina namba yake ya bidhaa? Viungo vya picha vimo? Historia ya oda imetoka pamoja na kodi na punguzo la kila mstari, au umepewa jumla peke yake? Herufi zenye alama zimebaki salama?

Manenosiri ya wateja kwa kawaida hayahamishiki kwa namna inayotumika, kwani huhifadhiwa yakiwa yamefichwa, na huo ni ulinzi mzuri. Utalazimika kuwaomba wateja waweke mapya. Taarifa za kadi zilizohifadhiwa kwa malipo yanayojirudia ziko kwa mtoa huduma wa malipo, kwa hiyo mwulize yeye kwa maandishi kama atazihamisha utakapoondoka, na kwa masharti gani. Anwani za kurasa ni suala jingine: baadhi ya huduma hukulazimisha kufuata mpangilio wao wa anwani, na ukihama utahitaji kuelekeza kila anwani ya zamani kwenye mpya ili viungo vilivyosambaa na nafasi yako katika injini za utafutaji visipotee. Jina la kikoa, yaani anwani ya duka mtandaoni, lisajiliwe kwa jina lako, nje ya kampuni ya programu, hata kama wanakupa la bure.

Ikiwa unauza kwa watu waliopo Umoja wa Ulaya, sheria ya ulinzi wa taarifa iliyoanza kutumika tarehe 25 Mei 2018 inawapa haki ya kuomba nakala ya taarifa zao na kuomba zifutwe. Programu iwe na njia ya kutimiza maombi hayo bila kuharibu rekodi za mauzo ambazo sheria za kodi zinakutaka uzitunze.

Hatua ya 8: Bakiza mbili au tatu, kisha fungua duka polepole

Kufikia hapa zitakuwa zimebaki programu mbili au tatu. Zipitishe zote katika oda ya tatu ya kwenye karatasi yako, ile ngumu, na umwachie kazi hiyo mtu atakayeshughulika na oda kila siku, kwa maana yeye ndiye atakayejua kama kuchapisha hati ya mzigo kunahitaji mibonyezo miwili au tisa. Tuma pia swali la kiufundi kwa huduma ya msaada ya kila kampuni, kwa saa ambayo duka lako litakuwa na wateja wengi, uone linajibiwa baada ya muda gani na kama aliyejibu amelisoma. Kwa programu ya chanzo huria, tafuta fundi kabla ya kumhitaji kwa dharura, na mkubaliane bei.

Lipa kwa mwezi hata kama bei ya mwaka ina punguzo, angalau hadi umalize miezi mitatu ya mwanzo. Fungua duka ukiwa na bidhaa chache na bila matangazo, na kila jioni linganisha orodha ya oda za duka na taarifa ya mtoa huduma wa malipo, oda kwa oda. Tofauti yoyote, hata ya oda moja, itafutiwe sababu siku hiyo hiyo kabla ya kuongeza bidhaa nyingine. Hesabu hizo mbili zikilingana kwa wiki kadhaa mfululizo, ndipo uingize bidhaa zote na kuanza kutangaza.